Umejuaje Ni Siku Tatu?

Watu wakiniuliza kwa nini mie na Demetria siku hizi tunasalimiana kwa mbali, nawaambia kamuulizeni mwenyewe. Hawaendi. Wanabaki dukani kwangu wakipekua khanga ambazo hawana nia ya kununua, wanangoja nilainike. Haya, leo nimelainika. Nitasema yote, simpunguzii wala simwongezei, maana mtu aliyeniumiza kiasi hiki nataka asimuliwe sawasawa.

Alikuja Kiwalani kutoka Mbinga zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na mumewe karani na mtoto mmoja mgongoni, Isack. Sie tulikuwepo tangu enzi za baba mkwe wangu: duka mbele, nyumba nyuma, na jina la ukoo juu ya mlango limefifia hata halisomeki. Siku ya kwanza aliingia kununua uzi. Mie nilikuwa na mimba ya Nawaf, miezi saba, nimekaa kitini nimenyoosha miguu. Akachukua uzi wake, akainama, akaubonyeza mguu wangu kwa kidole bila hata kuomba ruhusa. "Dada, huu uvimbe si wa mimba tu. Presha umepima?" Nikasema moyoni, huyu mwanamke wa bara hana adabu kabisa. Nikamwambia nimepima. Nilikuwa sijapima. Akanitazama, akaenda zake, na kesho yake asubuhi akarudi, teksi inamngoja nje. "Vaa baibui lako, dada, twende." Nilikwenda ili tu aniondokee. Hospitali wakanilaza palepale, na daktari akamwambia mume wangu, Hilal, kwamba ningekaa nyumbani wiki ile tungezikwa wawili.

Hivyo ndivyo nilivyopata shoga. Mumewe alipofariki nilikaa naye matanga yote, na Nawaf alipotahiriwa yeye ndiye aliyesimamia jiko, Mkristo kati ya mawifi zangu, akiwaamuru kama mwenye nyumba. Hakuna jambo langu asilolijua. Nasema hivi ili mfahamu kwamba sikudanganywa na mtu wa mbali.

Watu wa zahanati wakaja wakamchagua kuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Kazi ya kujitolea, nyumba kwa nyumba, na kizibao cha bluu, daftari na mkoba. Nani anaharisha, nani mjamzito, nani kaacha dawa zake za kifua. Amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, jua na mvua, na watu walimpenda kwa sababu moja: hakuwa mtu wa kubembeleza. Mama mkwe wangu alipokuwa anaumwa, kila anayekuja anamwambia utapona mama, utapona. Demetria akaketi kitandani akamwambia, "Mama, shikamoo. Huu ugonjwa hauponi. Lakini ukiacha achari na chumvi utaishi nao." Bibi wa watu alinuna wiki nzima. Baada ya hapo hakutaka kuhudumiwa na mwingine mpaka Mungu alipomchukua. "Huyu hanichezei," alisema. Zahanati wakileta jambo jipya, wanaume wa hapa, ambao kwa ubishi hawajambo, hawakuliamini mpaka kwanza walisikie kwa Mama Isack.

Sasa zile dawa za matende na mabusha. Wanapita nazo kila mwaka. Wana fimbo ndefu iliyopakwa rangi kwa mistari. Unasimama kando yake, na rangi inayolingana na kichwa chako ndiyo inayosema umeze vidonge vingapi. Watoto wanaifurahia. Wazee wanaona haya kupimwa kama mbao. Wakimaliza wanaandika chaki mlangoni, alama moja kwa nyumba iliyomeza, nyingine kwa nyumba iliyokataa. Mlango wetu miaka miwili ulikaa na alama ya waliokataa, na aliyekataa alikuwa mtu mmoja tu, Hilal.

Hilal ana busha. Naam, nimelitaja. Zamani nisingelitaja hata mbele ya mama yangu mzazi, lakini baada ya yaliyotokea hapa mlangoni mtaa mzima unajua, na mwenyewe kasema semeni tu, nimechoka kujificha. Lilianza dogo, miaka minne nyuma. Nyie mnajua jinsi jambo hili linavyochekwa pwani yetu. Mwanaume akilipata anakuwa kichekesho cha barazani, hata na wale ambao nao wanalo. Basi Hilal akaacha baraza. Akaacha kusimama dukani kupima vitambaa, akawa anakaa nyuma ya meza tangu tunafungua hadi tunafunga, na mie ndiye wa kupanda ngazi kushusha majora. Akaacha kwenda msikitini, anaswalia chumbani. Mtu aliyekuwa anacheka mpaka sauti inafika barabarani, akawa anaongea na mie tu, tena kwa ufupi.

Nilitaka mume wangu arudi. Ndilo tu nililokuwa nalitaka, na ndilo lililonipeleka kwa Demetria.

Ilikuwa siku chache kabla hawajapita na fimbo yao. Alikuja mchana, tukakaa jikoni tunachambua mchele kwenye ungo mmoja. Nikamwambia siri ya Hilal, mara yangu ya kwanza kumwambia binadamu. Nikamwambia, "Mama Isack, nakuuliza wewe kama wewe, si yule mwenye kizibao. Mtu mwenye hali kama ya Baba Nawaf, akimeza hizi dawa zitamfanya nini? Maana yeye anaogopa, amesikia maneno ya mtaani kwamba ndizo zinazoleta hayo maradhi."

Akaacha kuchambua. Akanitazama machoni. "Hazileti maradhi. Zinaua vijidudu vyake, maradhi yasiendelee. Na hazina madhara yoyote. Hata kichwa hakitamuuma."

"Hata kwa mtu kama yeye?"

"Hata kwa mtu kama yeye."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Kama angeniambia paa la nyumba linaanguka ningetoka nje kwanza ndiyo nitazame juu.

Hilal nilimpigania siku tatu. Alibisha, akanuna, akasema wanatufanyia majaribio. Mwisho nikamwapia. Nikamwambia, "Wallahi, Baba Nawaf, hazina kitu. Demetria kasema, na mie naapa juu ya neno lake." Hilal ananijua, siapi ovyo. Akasema, "Kama umeapa, basi nitameza."

Walipokuja, Demetria mwenyewe ndiye aliyeshika fimbo. Hilal akatoka nyuma ya meza, kajifunga kikoi, juu kavaa kanzu pana. Demetria akamtania, "Simama wima, Baba Nawaf, ukijikunja nitakupa dozi ya watoto." Na Hilal akacheka. Miezi mingapi sijamsikia akicheka vile mbele ya watu. Akameza vyote, akanywa maji, mlango wetu ukapigwa chaki ya waungwana. Nilifurahi siku hiyo mpaka nikapika biriani bila sababu.

Kesho yake adhuhuri nikamkuta anatetemeka. Mwili moto kama bati la juani. Nikadhani malaria. Nikataka kumfunua nimpanguse, akanizuia, na nilipomlazimisha nikaona. Lile jambo lilikuwa limevimba mara mbili ya jana yake, limekuwa jekundu, na yeye anauma mto asipige kelele. Akaniambia, "Kumbe walilokuwa wanasema ni kweli." Nikamwambia twende hospitali. Akasema, "Nikavuliwe nguo na vibinti? Niache nife humu humu." Nilipotoka kufuata maji akapiga komeo kwa ndani.

Nikampigia Demetria. Alikuwa Madale, kwa Isack, ambaye siku hizi ni mwalimu huko na ana watoto wawili. Nikamweleza mbiombio, nalia. Yeye hakushtuka. Hilo ndilo nililoligundua kwanza, kwamba hakushtuka. Akasema kwa ile sauti yake ya kazini, "Mpe panadol, mpe maji mengi, alale. Usiogope, Mama Nawaf. Itakwisha siku tatu."

Nikaacha kulia.

"Umejuaje ni siku tatu?"

Nikawasikia wajukuu zake wakigombania kitu.

"Mama Isack. Nakuuliza. Umejuaje ni siku tatu?"

"Nakuja," akasema, na simu ikakatika.

Kutoka Madale hadi kwetu ni safari ya nusu siku kwa foleni za mji huu, na nusu siku hiyo nilikuwa nayo yote ya kufikiri. Niliyageuza maneno yake huku na huku nimtafutie njia ya kutokea. Labda ana uzoefu tu. Labda kabahatisha. Nilimtetea mbele ya nafsi yangu kuliko wakili, wallahi, na mume wangu yuko nyuma ya komeo anaugulia.

Alifika magharibi. Hakukaa. Akafungua mkoba wake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa. Zilikuwa aya mbili. Ya kwanza ilieleza dawa ni nini na kwa nini watu wameze. Ya pili nilisoma nimesimama. Ilisema mtu ambaye tayari ana vijidudu hivyo mwilini anaweza kupata homa, kichwa kuuma, kizunguzungu, na mwanaume anaweza kuvimba na kuumwa sehemu za siri. Kwamba hali hiyo inatokana na vijidudu kufa, si dawa kuwa mbaya. Kwamba kwa kawaida hupungua ndani ya siku tatu. Na kwamba mtu aambiwe mapema ili asiogope, na akizidiwa aende zahanati.

Aambiwe mapema. Imeandikwa.

"Karatasi hii ilikuwa kwenye mkoba siku ile tunachambua mchele?" nikamuuliza.

"Ilikuwepo."

"Umeisoma?"

"Naijua kwa moyo. Na mie mwenyewe mwaka wa kwanza nilipomeza nilipata homa siku mbili, sikukwambia."

Hapo ndipo akakaa, juu ya gunia la mabaki ya vitambaa, akaanza kueleza. Semina yao inaendeshwa na mratibu mmoja, Bwana Ansbert. Mradi unataka watu themanini katika kila mia wameze, la sivyo haufanyi kazi, vijidudu vinabaki vinazunguka. Mwaka uliotangulia Demetria alikuwa amepangiwa mtaa wa jirani, na huko akawasomea watu aya zote mbili, nyumba kwa nyumba, kama alivyo. Watu wakasikia neno homa, wakasikia kuvimba, wakafunga milango. Kwenye semina iliyofuata Bwana Ansbert akasoma mitaa iliyoshindwa mbele ya ukumbi, akamsimamisha. Mtu mzima, mjane, bibi wa wajukuu, kasimamishwa kama mtoto aliyekojoa darasani. Kisha akawaambia wote, "Aya ya pili ni yenu, si yao. Mtu wa mtaani ukimwambia homa hamezi. Nyie semeni haina madhara yoyote. Wakipata homa watapona, na watakuwa wamekwisha kumeza."

"Nikaona ana hoja," Demetria akasema. "Dawa ni nzuri, Mama Nawaf. Kwa hilo sikukudanganya. Nilimfikiria Baba Nawaf. Nikajua nikisema kweli atakataa mwaka wa tatu, na lile jambo litazidi kukua. Ningekwambia kweli, ungemmezesha?"

"Ningemmezesha," nikamwambia. "Ningemmezesha siku ambayo tumejiandaa. Ningenunua panadol, ningefunga duka, ningemwambia kesho utaumwa na keshokutwa utaumwa, nami nitakaa hapa. Angebisha, ningembishia. Sasa yumo mle ndani anadhani anakufa, na anadhani mie nimemuua, kwa sababu nilimwapia, Demetria. Niliapa juu ya neno lako."

Jina lake halisi nilikuwa sijalitamka mbele yake tangu Isack akiwa mdogo. Alilisikia. Akafunika uso kwa viganja.

"Na mie nilikuuliza," nikasema. "Ungekuwa umetangaza tu mtaani, ningesema ni kazi yake, kaamrishwa. Mie nilikuuliza jikoni kwangu. Nikakwambia siri ya mume wangu. Nikakwambia nakuuliza wewe kama wewe."

Mie sikumpa chai. Wanaonijua wanaelewa uzito wa neno hilo.

Akaenda mlangoni kwa Hilal akamsemesha kupitia ubao. Akamweleza yote, homa inatoka wapi, uvimbe unatoka wapi, lini utapungua. Siku ya tatu, adhuhuri, homa ikaondoka kama alivyosema, na uvimbe ukarudi ulipokuwa. Mtu mwingine angeshukuru. Mie nilizidi kuwaka, kwa sababu ilikuwa ni kweli tupu, kila kitu kilikuwa kinajulikana, hadi saa.

Nilikwenda kwa ustadhi kumuuliza kuhusu kile kiapo. Akaniambia sina dhambi, niliapa nikiamini. Hata hivyo nikafunga siku tatu, kafara ya kiapo. Kila jioni nikifuturu Hilal ananitazama. Hakunigombeza hata mara moja. Siku moja tu, tunakunja majora, akaniambia, "Mie sikumeza kwa neno la Demetria. Nilimeza kwa lako." Nilikwenda uani nikalia mpaka kichwa kikauma.

Kwa upande wake, Demetria alifanya jambo ambalo sitalificha. Alizunguka mtaa mzima tena, nyumba zilezile, akawasomea watu aya ya pili. Akawaambia, niliwaficha, nimekosa, mnisamehe. Alidhani watamheshimu. Jamani, watu hawako hivyo. Wengine walimcheka. Wengine walisema kumbe tangu zamani ndivyo anavyofanya, na zile chanjo za watoto je, na zile dawa za kifua je? Wale waliokuwa wanasema dawa zinaleta mabusha wakasema si mnaona, kakiri mwenyewe. Bwana Ansbert alipopata habari, kizibao kikachukuliwa kikapewa msichana mmoja anaitwa Gladness, mchangamfu, hana ubaya, ametoka kumaliza chuo. Miaka kumi na tisa ikaishia kwa meseji ya simu.

Nilimwonea huruma? Nilimwonea. Nilipita mlangoni kwake mara mbili na sahani ya vitumbua, mara zote mbili nikarudi nayo. Hasira haikuwa imeniruhusu.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja akaja, bila kizibao, kavaa gauni lake la kanisani kana kwamba anakuja kuposa. Akaomba kuongea na Baba Nawaf. Hilal akabaki nyuma ya pazia, kitini, akasema, "Sema, Mama Isack, nakusikia." Demetria akasema kuna upasuaji wa mabusha unakuja, bure, madaktari watakaa hospitali wiki mbili, gari litapita kuchukua watu. Ndiyo tiba yenyewe. Vidonge havipunguzi lililokwisha kuota, kisu tu ndicho kinachotoa.

"Na huo nao hauna madhara yoyote?" Hilal akauliza, na mie nikainamisha kichwa.

"Una madhara," akasema. Akayataja. Sindano ya ganzi inauma. Kidonda kitauma wiki nzima, mbili kwa wengine. Kinaweza kutoa maji. Kinaweza kuoza kisipotunzwa, ndiyo maana lazima arudi kusafishwa. Atakaa mwezi bila kuinua kitu kizito. Kwa watu wachache uvimbe unarudi. "Wengi sana wanapona, Baba Nawaf, wanatembea, wanafanya kazi. Lakini nimekutajia yote ninayoyajua. Sikubakisha."

"Kidonge kisicho na madhara kilinilaza siku tatu," Hilal akasema. "Hiki kisu chenye madhara yote hayo kitanifanya nini?"

Demetria akaondoka. Nikajua limekwisha.

Halikwisha. Baada ya siku tano Hilal akaniambia, wakati nampakulia wali, kama anaongelea hali ya hewa, "Yule mwanamke safari hii katutajia ubaya wote. Anayetaka kumdanganya mtu hataji maji ya kidonda." Akala kidogo. "Kaniandikishe." Nilikimbia kwa Gladness na ndala za uani miguuni. Nilimnunulia Hilal vikoi viwili vipya laini, nikamfungia mfuko, nikamtia ndani msala wake, mswaki, na picha ya Nawaf kwa sababu Nawaf yuko Maskati, asingeweza kuja. Usiku ule Hilal alinihadithia mambo tuliyoyafanya tulipooana, akacheka mpaka nikamwambia taratibu, majirani.

Gari likaja asubuhi, likasimama mbele ya duka. Watu wakatoka kutazama, si wanajua kutazama. Hilal alikuwa amevaa viatu vyake vya Idi. Akatoka na mfuko mkononi mbele ya mtaa mzima, na kila aliyemwona akiliendea gari lile alijua linakokwenda. Kwake yeye hilo lilikuwa gumu kuliko kisu, na alikuwa amekwisha kulifanya. Ndani ya gari kulikuwa na wanaume sita, mmojawao Gaspar fundi viatu, ambaye leo nikisema anapanda baiskeli hadi Buguruni na kurudi sitii chumvi. Siku ile nilikuwa siyajui hayo. Siku ile Gaspar alikuwa kainamia magoti yake.

Gladness akashuka, kizibao kimempwaya, daftari mkononi, tabasamu tele. Akamwona Hilal kasita kidogo mlangoni pa gari, akataka kumtia moyo, maskini.

"Karibu, baba, shikamoo. Usiwe na wasiwasi kabisa. Hauna madhara yoyote huu. Hata kusikia husikii."

Hilal akasimama.

Demetria alikuwa ng'ambo ya barabara, kaja kama jirani tu. Alivuka mbio. "Si kweli," akasema. "Utauma, Baba Nawaf, kama nilivyokwambia. Gladness, usimwambie hivyo. Utauma, utatoa maji, na utapona. Panda gari."

Gladness akaona haya, akasema, "Mama, sie tumeelekezwa tuseme hivyo."

Dereva akapiga honi. Hilal alimtazama Gladness, akamtazama Demetria, kisha akanigeukia mie. Macho yake hayakuwa na hasira. Alikuwa anaomba.

"Mama Nawaf," akasema, "wewe ndiye unayemjua. Niambie tu. Anasema kweli?"

Nilitaka kusema ndiyo. Akili yangu yote ilikuwa inaniambia ni ndiyo. Nikamtazama Demetria usoni nipate la kushikilia, tofauti yoyote, kope, midomo, chochote cha kunionyesha kwamba huyu si yule wa jikoni. Akanitazama machoni, ametulia, mwema, sawasawa kabisa na siku ile. Tofauti haikuwepo.

Na kuapa tena sikuweza.

"Sijui, Baba Nawaf," nikasema.

Demetria akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyejikata. Gladness akamsubiri Hilal kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake, akapanda. Gari likaondoka na wale sita. Hilal akaingia ndani, akaupeleka mfuko chumbani, akakaa kwenye kiti chake nyuma ya meza na kuvua viatu.